Nilivyopata kibali cha kuongeza chumba katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe

Nyumba yetu ipo Mkunazini, Unguja, ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe. Ni nyumba ya ghorofa, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa kama zilivyo nyingi za mtaa huo. Choo kipo chini, uani, na mama yangu, ambaye magoti yamemchoka, analala juu. Mwaka 2021 mimi na ndugu zangu tulikubaliana kujenga chumba kidogo chenye choo juu ya paa la jiko la uani, ili mama asilazimike kushuka zile ngazi usiku.

Nilianza vibaya. Fundi wa kwanza alituambia kwamba kazi ya uani haionekani njiani, hivyo haihitaji kibali, na kwamba kwa nguzo nne za zege na matofali ya saruji angeimaliza kwa wiki tatu. Nilijua kuwa Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na kwamba tangu 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini nilidhani mambo hayo yanahusu majumba ya Forodhani na milango ya nakshi, si jiko letu. Siku ya tatu, fundi akiwa anatindua ukuta ili apate pa kushikiza nondo, wakaguzi wawili walipiga hodi, wakatazama, wakaandika amri ya kusimamisha ujenzi. Fundi alikusanya vifaa vyake na hakurudi, wala malipo ya awali hakuyarejesha.

Mkaguzi mmoja, mwanamama wa makamo, hakuondoka mara moja. Alimwomba mama radhi kwa usumbufu, kisha akaanza kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kutoka sakafuni hadi alipofikia mkono wake. Sehemu zilizokuwa na plasta ya zamani ya chokaa zililia kwa mlio mzito, na sehemu ambazo marehemu baba alizipiga plasta ya saruji zamani zililia kama debe tupu. Alipofika pale fundi alipotindua, ncha ya boriti ilikuwa wazi. “Mwanangu, njoo uguse hapa,” aliniambia. Nilibonyeza, na kidole kikazama ndani ya boriti ya mkoko kama kinavyozama kwenye muhogo uliochemka.

Alinieleza kwa utulivu kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia plasta yake. Ukifunikwa kwa saruji, maji hukosa njia, hubaki ndani na kuozesha ncha za boriti, ambazo ndizo zinazobeba sakafu. Ukuta huo ndio tuliotaka kuutwisha chumba cha matofali, choo na tangi la maji. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, ilianguka na kuua watu wawili, na sisi wakazi wa Mji Mkongwe tulikuwa bado tunautazama kwa hofu kila ufa. Tangu nilipogusa boriti ile sikuiona tena ile amri kuwa ni uonevu.

Kukusanya nyaraka kulichukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe. Nyumba ilikuwa bado katika jina la babu mzaa mama, kwa hiyo ilibidi kupata ridhaa ya maandishi ya warithi wote, akiwemo kaka yetu aliyeko Maskati, ambaye karatasi yake ilichelewa karibu miezi miwili. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, niliipata kwa siku moja. Ramani yetu ya kwanza ilirudishwa, kwa sababu mchoraji alichora chumba kipya peke yake bila kuonyesha nyumba ilivyo, na kwa sababu aliweka madirisha ya alumini mahali panapotakiwa mbao. Niliomba nionyeshwe kasoro zote kwa pamoja, nikaziandika mbele ya ofisa na kumsomea ili athibitishe, na ramani ya pili haikurudi. Ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa maana anayepokea kasoro moja moja hurudi ofisini mara kumi.

Dirisha lilikuwa na jambo jingine, nalo halikuwa la mamlaka. Lilielekea ua wa jirani yetu, bibi tuliyekua mbele yake. Nilipompelekea ramani aliitazama kwa makini, akasema, “Mwanangu, mimi hapa ndipo ninapovua mtandio.” Tuliliinua dirisha hadi juu ya kimo cha mtu, likawa la kuingiza hewa na mwanga tu, naye akaweka saini yake.

Kibali kilitoka kwa masharti: kuta za chumba ziwe nyepesi, za fremu ya mbao, paa lisipite la nyumba kwa kimo, plasta yote iwe ya chokaa, boriti zilizooza zibadilishwe kwanza, na bomba la choo lipite nje ya ukuta upande wa uani, lisizikwe ndani yake. Tulimpata mzee mmoja anayeijua chokaa, ambaye aliiloweka wiki kadhaa kabla ya kuigusa, akaichanganya fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga, na kila jioni akatundika magunia mabichi ukutani ili plasta isikauke kwa pupa na kupasuka. Tulisubiri masika yapite.

Mkaguzi nilimwita mwenyewe mara tatu, kila mara kabla ya kufunika kitu: boriti mpya zilipokaa, fremu iliposimama, na bomba lilipofungwa. Mara ya tatu aliziba bomba chini, akaagiza lijazwe maji na kuachwa usiku kucha. Asubuhi maungio ya pili yalikuwa na tone moja linaloning’inia, na chini yake doa la unyevu lenye upana wa sahani. Fundi bomba alilalamika kwamba tone moja si kitu. Mkaguzi alikataa kusaini, nami nilisimama upande wake, kwa kuwa tone hilo lingeingia katika ukuta uleule kila siku kwa miaka. Maungio yalifunguliwa, yakafungwa upya, na usiku uliofuata yalikuwa makavu.

Mama alihamia chumba hicho Novemba. Kibali, ramani na picha nilizopiga ukuta ukiwa wazi, kila boriti na kila bomba mahali lilipo, vimo katika jalada moja kabatini, na wiki iliyopita nimelitoa tena, kwa sababu plasta ya saruji ya ukumbini bado ipo na tumeomba ruhusa ya kuibandua.