Riwaya za magofu ya msituni: penseli ilivyonipa raha yake

Aliyeniambia kwamba riwaya za wanaakiolojia wanaosaka mahekalu msituni husomwa mbiombio bila kufikiri alinipotezea raha ya vitabu kadhaa. Mshauri huyo ni mchuuzi wa vitabu vya mitumba hapa Kampala, na bei ya kitabu kwake ilikuwa kama ya sahani ya matoke. Nilitii: nyoka na risasi zikafuatana, hazina ikapatikana, nami sikuweza hata kusema hekalu lilikuwa ng'ambo gani ya mto.

Dawa niliibuni mwenyewe, na ninajivunia. Nilibandua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, na kila mwandishi alipotaja ngazi, ukuta au mto, nikachora kwa penseli. Katika riwaya moja, mashujaa walikimbia ndani ya handaki kuelekea mashariki, wakachomoza kwenye mlima ambao sura mbili nyuma ulikuwa magharibi. Mpwa wangu aliifuata njia ile kwa kidole, kisha akasema, "Mjomba, hawa watu wamepita chini ya mto bila kulowa!" Tulicheka mpaka majirani wakauliza kulikoni. Mwandishi mwingine kuta zake zilikutana sawasawa, na hapo nilisisimka kuliko kwa risasi zote.

Ramani si mchezo wa kitoto. Mwaka 1839, huko Copán, Honduras, mchoraji Frederick Catherwood alichora nguzo za mawe za Wamaya, wenyeji wa kale wa huko, miguu yake ikiwa matopeni na mikono ndani ya glavu kwa sababu ya mbu, huku mwenzake, John Lloyd Stephens, akidai kuyanunua magofu yote kwa dola 50. Hata kwetu Uganda, kwenye magofu ya Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, kuna mitaro ya kale yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, lakini ukisimama ndani yake huoni ila udongo na nyasi. Umbo lake hulioni mpaka lichorwe.

Riwaya ambayo mwenyeji anayeongoza njia hana hata jina huwa naiacha mapema, kwa kuwa wenyeji huyajua magofu kabla ya mgeni: hata mvumbuzi Mmarekani Hiram Bingham, mwaka 1911, alikuta familia za wakulima zikilima kwenye magofu ya Machu Picchu, Peru.

Kitabu kilichochanwa ukurasa wa ramani wachuuzi hukipunguza bei, nami ndicho ninachokitafuta.