Kilichonishinda si kutua, ni kuacha kutua

Kiwanja kilikuwa na mita 700 za murramu, huko kwenye nyanda za Kajiado. Ndege, Cessna 172 ya kukodi. Niliposimama, gurudumu la mbele lilikuwa ndani ya kichaka cha migunga, propela imejikunja kama pembe za kondoo, nami bado nimeng'ang'ania usukani. Sikuumia. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi alikuja akachungulia dirishani: "Mzee, ulikuwa unaenda wapi?"

Kwa wiki nzima nililaumu kiwanja. Kifupi, kokoto tupu, breki hazishiki. Mwalimu wangu wa urubani, wa uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akauliza: "Uliingia kiwanjani na noti ngapi?"

Sabini. Noti moja ni kasi ya maili moja ya baharini kwa saa.

Kitabu cha maelekezo cha 172S, toleo la ndege ile, kinataka 61 kwenye kiwanja kifupi. Noti tisa niliziona ni akiba ya usalama, kumbe umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo tisa hizo peke yake zilikula karibu theluthi moja zaidi ya ardhi. Kitabu hichohicho kinaahidi futi 1,335, yaani mita 407 hivi, kuanzia juu ya kikwazo cha futi 50. Lakini hiyo ni usawa wa bahari, lami kavu, hewa ya baridi. Kule ni zaidi ya futi 5,000 na ilikuwa saa nane mchana. Hewa ikiwa nyepesi namna hiyo, kipimo cha kasi kinasoma 61 huku ndege inakata karibu 69 za kweli. Mimi na sabini zangu, jumlisha mwenyewe.

Hata hivyo si kasi iliyonipeleka kichakani. Ndege ilipoanza kuelea, inagoma kukaa, niliiona. Nikajiambia itakaa sasa hivi. Nikajiambia tena. Mara ya tatu migunga ilikuwa imejaa kioo kizima.

Basi mwalimu hakunifundisha kutua. Tulikuwa tukishuka vizuri kabisa, magurudumu karibu yaguse, anasema, "Acha." Nguvu zote, flapu, yale mapanga ya nyuma ya bawa, kutoka digrii 30 hadi 20, pua chini kidogo mpaka kasi ije, ndipo flapu nyingine zirudi polepole. Na mafuta yawe yamepunguzwa mapema. Kwenye mwinuko ule ukisukuma mbele kabisa wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa injini inakohoa wakati unaihitaji. Siku za kwanza nilinuna. Ametua mtu vizuri, unamfukuza?

Niliporudi Kajiado nilikuwa na mjomba kiti cha kulia. Pembeni mwa kile kiwanja kuna matairi yaliyopakwa chokaa. Nikasema kwa sauti, naye asikie: "Tusipogusa kabla ya tairi la tatu, tunaondoka."

Upepo ukatusukuma. Tairi la tatu likapita, bado tunaelea. Nikasukuma nguvu.

"Kwani umekosea?" mjomba aliuliza, ameshika mlango.

"Ndiyo, mjomba."

Tukazunguka, nikaingia kutoka upande wa pili, noti 61, tukagusa mapema na kusimama kiwanja kikiwa kimebaki kingi. Yule kijana alikuwepo na mbuzi wake. Alinyoosha fimbo kuelekea kile kichaka, akacheka mpaka akachuchumaa.