Fuwele ya kwatzi iliyodanganya ndani ya maji: jinsi nilivyoirekebisha

Fuwele hii hutetemeka kwa masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi), na kitu kikiigusa masafa hushuka; hivyo ndivyo inavyopima uzito mdogo sana. Fuwele ya megahezi 5 (mitetemo milioni 5 kwa sekunde) ikiloweshwa upande mmoja kwa maji ya digrii 25, masafa yake yanapaswa kushuka takriban hezi 670. Hii yetu hapa Kisumu ilishuka 520 tu, kisha masafa yakawa yanatangatanga mchana kutwa.

Upungufu ule ulitokana na hewa. Dhahabu iliyopakwa juu ya fuwele, ikiwa na mafuta ya vidole, hukataa maji, viputo vidogo vinanasa, na pale penye kiputo fuwele haihisi kitu. Nilisugua dhahabu taratibu kwa pamba yenye ethanoli, nikaisuuza kwa maji yaliyotolewa madini. Maji ya kipimo niliyachemsha dakika 10 kuondoa hewa, yakapoa yakiwa yamefunikwa, nikayaingiza polepole kutoka chini huku chombo kimeinamishwa. Usiyamwage kutoka juu kamwe! Masafa yakashuka 668.

Kutangatanga kulikuwa kwa joto. Maji yakipata joto mnato hupungua, na kila digrii moja hupandisha masafa kama hezi 8. Joto la mchana likipanda digrii 3, hizo ni hezi 24. Ukizitafsiri kwa kanuni ya Sauerbrey ya 1959, inayogeuza mabadiliko ya masafa kuwa uzito, nanogramu 17.7 kwa sentimita mraba kwa kila hezi, utaamini nanogramu 425 kwa kila sentimita mraba zimeng'oka kwenye fuwele. Hakuna kilichong'oka. Chombo kizima kikae ndani ya kasha la kuhifadhia barafu, bila barafu, lenye chupa za maji yasiyo baridi, saa nzima kabla ya kupima.

Oringi, pete ya mpira inayozuia maji yasivuje, nayo ikazwe kwa vidole tu, sawasawa pande zote.