Tulivyopata mavuno halisi ya mtama kwa eka, Dodoma

Takwimu za mtama kutoka vijiji vya Chamwino na Bahi zilikuwa hazieleweki: majirani wawili, udongo uleule, mbegu ileile, mmoja anaripoti karibu mara mbili ya mwenzake. Wakulima hawakudanganya. Shida ilikuwa vipimo.

Eka ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Mwenye hatua ya mita 1 anapata mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 80 anapata 3,136. Eka kamili ni 4,047. Dawa yake ni kulizunguka shamba zima na GPS. Kishamba kidogo, chini ya robo eka, kipime kwa futi kamba, maana huko kosa la GPS la mita chache tu linaharibu hesabu.

Gunia nalo usiliamini hata kidogo. Kuna la kawaida, kuna lumbesa lililojazwa kupita kiasi, na wapo wanaohesabu masuke yasiyopurwa. Uliza kwa debe, kisha chota debe la mkulima huyohuyo, sawazisha juu kwa kijiti, ning'iniza kwenye mizani. Debe tupu lipimwe kwanza.

Unyevu pia: kilo 100 zenye unyevu wa 18% ni kama kilo 94 zikishushwa hadi 13% (100 × 82 ÷ 87).

Nafaka iliyoliwa kabla ya mavuno, au iliyolipwa vibarua, iulizie peke yake, vinginevyo haitajwi. Na nenda mtama ukiwa bado uwanjani pa kupuria. Ukisubiri Novemba, utakuwa unapima kumbukumbu.