Siku moja gereji kwangu Tanga, nafunga geji ya presha ya oili kwenye AE100 ya mzee

Saa 1 asubuhi. Nafika gereji hapa Makorora, dogo kashafagia, mandazi na mbaazi ziko tayari, ila mzee wa Corolla AE100 kashatutangulia kaegesha chini ya mwembe. Shikamoo mzee. "Marahaba baba, kijana wangu kanitumia hii toka Kariakoo, nifungie leo maana kesho alfajiri napanda Lushoto." Mkononi kashika boksi la geji ya presha ya oili, ya umeme, na sensa yake. Anasema jirani yake injini ilinoki kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto, taa nyekundu iliwaka mara moja na injini ikagoma hapohapo, tangu siku hiyo kila akipanda mlima macho yake yako kwenye taa tu.

Na ana haki ya kuogopa. Ile taa ni swichi tu, haipimi kitu, kwa Toyota nyingi inawaka presha ikishaanguka mpaka psi (kipimo cha presha) chache mno, chini ya 7 hivi, wakati vitabu vya injini hizi za familia ya A vinataka psi 36 mpaka 71 kwa mizunguko 3000. Sasa piga hesabu, unaweza ukawa uko Segera unakimbia 100 presha ni psi 12, beringi za krenki zinakula chuma na taa imezima kabisa inakuambia kila kitu shwari. Mi hili linaniuma sana kwa sababu injini nyingi za zamani zinazokuja kwangu kufanyiwa ovahoo zingeokoka kama dereva angeona sindano inashuka wiki kadhaa kabla.

Saa 2. Sifungi geji mpya kabla sijajua ukweli wa injini. Natoa swichi ya oili pale kwenye blok karibu na filta, nafunga geji ya gereji, ile ya mpira isiyotumia umeme, tunawasha. Injini ya baridi ikasoma zaidi ya 60, hiyo isimtishe mtu, oili bado nzito. Tukaiacha mpaka feni ikawaka ikazima, sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, ikashuka 23, nikakanyaga mpaka 3000 ikapanda 48. Safi. Beringi zikishalika nafasi inakuwa kubwa oili inavuja pembeni, na hapo unaona kwanza kwenye sailensa ya moto, siyo kwenye mwendo, kwa hiyo namba ya sailensa ya moto ndo ya kuandika ukutani.

Saa 4. Hapa ndo penye kazi yenyewe na ndo pale wengi wanapoharibu magari ya watu. Sensa imeandikwa 1/8 NPT, thredi ya Kimarekani. Shimo la blok la Toyota ni PT 1/8, wengine wanaita BSPT, thredi ya Kiingereza. Ukizishika mkononi utaapa ni kitu kimoja lakini NPT ina meno 27 kwa inchi moja na BSPT ina 28, na hata pembe ya jino ni tofauti, 60 kwa 55. Balaa ni kwamba inaingia! Mizunguko miwili mitatu inaenda kwa vidole laini kabisa afu inakaza, na mwenye haraka anasema ngoja niongeze spana, hapo anakula meno ya blok. Nikamwekea dogo zote mbili mgongo kwa mgongo juani, akaona mwenyewe meno yanaanza sawa afu yanapishana taratibu mpaka mwanga unapita katikati. Akachukua baiskeli mpaka Ngamiani kwa wauza fitingi za haidroliki, akarudi na adapta ya brasi ya kuunganisha thredi hizo mbili, T ya BSPT (fitingi ya njia tatu) na mpira mfupi wa kusukwa waya.

Mpira wa nini? Kwa sababu sensa hizi ni nzito, ukiining'iniza kwenye T moja kwa moja kwenye blok inatikisika mpaka brasi inakatika, na oili yote inaishia barabarani. Kwa hiyo kwenye blok unaingia mpira tu, T inakaa kwenye bodi ndani ya boneti upande wa betri, sensa huku, swichi ya taa kule, taa yake ya zamani naibakiza maana inavuta jicho haraka kuliko sindano. Silikoni ya thredi kidogo, meno mawili ya mwanzo nayaacha makavu isije ikaingia kwenye njia ya oili.

Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali, tukala wali wa nazi na samaki.

Saa 8. Waya. Sensa na swichi zote zinapata ethi kupitia mwili wake, sasa ukizihamisha toka kwenye blok lazima T ipewe waya wake wa ethi, hili linasahaulika sana afu mtu analaumu geji. Na huku kwetu na hewa ya chumvi usifunge ethi juu ya rangi, nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikabana bolti, juu nikapaka grisi. Moto nikauchukua kwenye swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ndogo, mwanga kwenye taa za dashibodi, waya wa sensa ukapita kwenye mpira wa tundu usije ukachanika na bati. Kabla ya kuunganisha sensa nikajaribu geji, hii ni ya omu 10 mpaka 180, waya ukigusa ethi sindano inalala sifuri, ukiuachia inapanda mpaka mwisho. Sawasawa.

Saa 10. Tukawasha, hakuna tone, ilipopata moto sailensa ikasoma 25 pale geji ya gereji iliposoma 23, inatosha. Tukaenda mpaka Pongwe na kurudi mzee mwenyewe anaendesha, nikamwelekeza: mzee, kwenye kona kali sindano ikidondoka afu ikarudi ujue oili imepungua, pampu inavuta hewa, pima kijiti. Ikilala sifuri gari likiwa linatembea, zima injini hapohapo hata kama uko Soni, usiseme nifike stendi kwanza.

"Sasa mbona usukani unanizibia hapo kwenye 40?" Nikalegeza kishikio, nikaizungusha geji mpaka 40 ikasimama wima juu, ili sindano ikiinama tu aione bila kusoma namba. Akalipa, akaondoka kwenda kujaza mafuta ya safari.