Siku ya mchonga milango Lamu: mbao ya nani, mchoro wa nani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kazi huanzia kwenye kinoo. Patasi ya kuchongea bambakofi, mbao ngumu ya milango, hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Ukiinoa nyembamba kama ya mbao laini, ncha inamenyeka kabla jua halijapanda. Bobari, patasi yenye makali ya mviringo, hunolewa kwa kuizungusha taratibu juu ya jiwe, kisha makali yanapitishwa kwenye kipande cha ngozi. Wanaopita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hudhani fundi bado hajaanza.

Saa moja na nusu mpaka saa nne ni mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mwanya wa mabawa mawili ya mlango. Wa leo una upana wa inchi 4, unene wa inchi 2 na urefu wa futi 7. Kwanza hupigwa mstari wa katikati, halafu maua hugawanywa kwa bikari kutoka katikati kwenda juu na kwenda chini. Ukianzia ncha moja, ua la mwisho halitatosha. Mchoro ukishakaa, patasi iliyonyooka hupigwa wima kufuata penseli, kina cha milimita 5, ndipo bobari ichimbe kati ya majani. Nyuzi za bambakofi zimepishana: hapa inakatika laini, sentimita chache mbele inang'oka vipande. Ukiona inang'oka, geuza upande wa kukata. Ukiongeza nguvu, jani zima linakwenda.

Saa nne akaja mteja, dada anayesimamia nyumba ya wageni kule Shela.

"Habari za asubuhi, fundi?"

"Njema, dada. Karibu, keti."

Alitaka mbao za kichwani mwa vitanda, za vyumba vyote, kabla ya wageni wa Desemba. Akafungua simu: mlango wa Zanzibar wenye misumari ya shaba, nakshi za Kibajuni za pembe na mistari, na picha ya aya iliyochongwa kwa Kiarabu. Akataka vyote vitatu kwenye ubao mmoja. Fundi akamweleza: misumari ile ni ya mlango wa nje. Kitandani mgeni atagonga kichwa. Nakshi ya Kibajuni inataka ubao mzima iutawale, ukiichanganya na maua hakuna kinachoonekana. Na aya haichongwi mahali ambapo watu watalala wakiipa kisogo na kutundika nguo.

"Lakini mimi ndiye ninayelipa, fundi."

Neno hilo husemwa katika kila karakana ya mji huu, na lina haki yake. Kazi hii imekuwa ya kuuza tangu zamani. Muhammad Kijumwa, mchongaji na malenga wa Lamu aliyefariki miaka ya 1940, alichonga kwa malipo na kunakili miswada ya tenzi kwa wataalamu wa Ulaya kama William Hichens. Malipo hayakumshushia hadhi, na hadi leo wapo wanaotaja mtindo wa nakshi kwa jina lake.

Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na inafaa kila fundi aijue. Lakini karakanani uhuru huo hupimwa kwa mbao kavu iliyoko ghalani. Kanuni ya kukausha kwa upepo ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mwenye akiba anaweza kusema la, au kusema subiri. Asiye nayo hununua mbao mbichi kutoka bara kwa arbuni ya mteja, inavuka maji kutoka Mokowe, na tangu hapo mwenye arbuni ndiye anayeamua ua likae wapi na tarehe iwe ipi. Mbao hiyo ikikauka ikiwa tayari imechongwa, inapasuka palepale kwenye nakshi, na jina linaloharibika ni la fundi.

Mazungumzo yakafika adhuhuri. Swala, wali, na jasho.

Mchana ni msasa, na hapa ndipo mgongo unaposema. Namba 80, halafu 120, halafu 180, daima kufuata nyuzi. Kwenye nakshi kipande cha msasa kinakunjwa kidogo na kuguswa chini tu, kwa sababu ukipitisha juu makali ya jani yanalainika na kazi ya asubuhi inafutika. Vumbi la bambakofi linawasha pua na macho, kitambaa usoni ni lazima. Kisha hupakwa mafuta ya kitani, mara moja na kidogo tu, siku nzima kabla ya kupaka mara ya pili. Vitambaa vya mafuta vianikwe vimetandazwa: vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Karakana imejaa maranda, cheche moja inatosha.

Baada ya alasiri dada alirudi. Amekubali maua ya Lamu peke yake, bila aya, bila misumari, mbao kutoka ghala hili. Akaomba apewe na karatasi ya mchoro. Hapo penye karatasi ndipo mafundi wengi hupoteza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Bila maandishi, anaweza kuupeleka mchoro kwa mwenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta na kutoa nakala apendavyo. Kwa hiyo risiti yake imeandikwa: idadi ya mbao, vipimo, arbuni nusu, na chini yake, "Mchoro unabaki wa fundi, mteja amenunua mbao hizi tu." Alisoma, akauliza kama akitaka nyingine mwakani bei itabaki ileile. Itategemea mbao. Akatia saini.

Kesho mbao zake zinaanza kupigwa randa. Ikipatikana yenye unyevu ndani, itarudi ghalani na tarehe itasogezwa. Hilo nalo limo kwenye risiti.