Addis wanahesabu saa kama sisi

2024 nimemaliza Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, nipo tu nyumbani nahesabu mabati, mara ikatoka fildi ya miezi mitatu ubalozini kwetu Addis Ababa. Mtaani ilipokelewa kama nimeteuliwa balozi mwenyewe, shangazi akanishonea suti mbili, ukoo ukachanga nauli. Dar mpaka Bole, uwanja wao wa ndege, ni kama masaa matatu tu angani, ila nilishuka Julai na kiblauzi changu cha Kariakoo kumbe ndo msimu wao wa mvua, na mji upo juu zaidi ya mita 2,300, baridi la kufa mtu, ukipanda ngazi mbili unahema kama bibi.

Siku ya kwanza kazini nilichelewa. Jana yake nilimwambia dereva teksi kwa Kingereza anifuate namba tisa, si ndo saa tatu yetu asubuhi kwa saa ya Wazungu, akaitikia vizuri kabisa. Asubuhi nangoja weee, tatu imepita, nne inaingia, nampigia anashangaa, mbona umesema tisa? Wahabeshi, yaani Waethiopia, wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza kama sisi tu, tatu yao ndo tatu yetu, na hata neno ni lilelile, saat. Kwa hiyo yeye alikuwa anajipanga kuja alasiri. Bosi alivyosikia akacheka, "Mswahili mzima umeshindwa saa ya Kiswahili?" (Mwaka sasa hapo hatufanani, risiti zao zilikuwa zinaandika 2016, nikajiona nimerudi sekondari.)

Kazi yenyewe sio zile tafrija za glasi mkononi nilizokuwa nawaza. Natoa kopi, napanga mafaili, napeleka noti verbale wizarani kwao, ile barua ambayo hata kama mnalaumiana lazima ianze kwa salamu za heshima. Ubalozi wetu ndo unatuwakilisha hata kwenye Umoja wa Afrika, so siku moja nikabebeshwa makabrasha hadi makao makuu, nikapiga picha na sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Februari mwaka huohuo. Kiswahili ni lugha ya kazi pale tangu 2022, nikajua nitakisikia korido nzima, nilikisikia kwa mama mmoja wa Kenya kwenye foleni ya chai, tukakumbatiana kama ndugu.

Jumatano na Ijumaa wengi wanafunga, hawali nyama wala maziwa, ni injera, ule mkate wao mwembamba mchachu, na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, nikaizoea. Kahawa ni vikombe vitatu, cha tatu wanakiita bereka, baraka hiyo, ukiondoka kabla yake wenyeji wananuna.

Ila nikikumbuka Addis namkumbuka mzee mmoja. Alitoka Hosaena huko kusini na basi, koti limelowa, anamtafuta mwanae. Vijana wengi wa kule wanashika njia ya Afrika Kusini, wanapita Moyale, Kenya, wanaingia kwetu, na wengine wanakamatwa hukohuko kwetu. Mwanae alipiga simu mara ya mwisho akiwa Tanzania. Dereva wa ofisi, Mhabeshi anayejua Kiswahili, akawa anatutafsiria. Nikamwambia, baba, njoo Jumatatu saa nne, nikaandika saa nne kwenye daftari bila kujumlisha wala kutoa.

Nilipewa orodha ya majina ya Wahabeshi waliofungwa kwetu, imetoka nyumbani, yameandikwa na mtu aliyekuwa anasikiliza tu, kila jina limepinda. Wenzetu hawana jina la ukoo, mtu anaitwa jina lake, la baba, la babu. Nimelitafuta la kijana mpaka macho yakauma, hola.

Jumatatu saa nne kamili mzee yupo mlangoni, ameshika kifurushi cha kahawa. Herufi zetu hazijui, anasoma za kwao, so dereva akawa anamsomea orodha taratibu, moja moja. Kwenye ukurasa wa tatu mzee akanyoosha mkono, rudia hapo. Jina la kwanza lilikuwa limeharibika kabisa halitambuliki, ila la pili ni lake yeye mwenyewe.

Hakulia. Alikaa kimya, halafu akamuuliza dereva kitu na dereva akanigeukia, "Anauliza, huko gerezani kwenu sasa hivi saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne baba, kama hapa.